Excel na Google Sheets zimeongezewa mengi, lakini hesabu za shamba bado ni zako



Siku hizi maswali ninayopokea si ya kantangaze na mbolea tu. Vijana mnaolima kibiashara mnauliza pia kuhusu programu za ofisini. Excel mpya ina nini? Google Sheets imeongezewa nini? Hii Copilot nilipie au niache? Mbona programu ya Office kwenye simu yangu imebadilika jina? Ni maswali mazuri. Ukishaanza kulima kwa ajili ya soko, shamba lako ni ofisi, tofauti tu ni kwamba hii ofisi ina matope.

Niseme msimamo wangu mapema ili tusizungushane. Huduma za akili mnemba, ambazo ndizo zinapigiwa debe zaidi kwenye programu hizi, mkulima anaweza kumaliza msimu mzima bila kuzigusa na asipungukiwe kitu. Zile ndogondogo ambazo hakuna anayezitangaza, kama orodha ya kuchagulia, kisanduku cha tiki, kusoma jedwali kwenye picha na historia ya mabadiliko, ndizo zinazookoa hela. Na hesabu za shamba usiiachie mashine ikukisie. Zitoke kwenye kumbukumbu zako, zipigwe kwa fomula ambayo unaweza kuikagua mwenyewe.

Kwa nini hili ni suala la kilimo

Kuna watu watatu watakaokuuliza namba za shamba lako, na wote hawataki hadithi.

Wa kwanza ni mtoa mkopo. Iwe ni benki, iwe ni mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu, utaulizwa unalima nini, unatumia kiasi gani na unapata kiasi gani. Kikundi chenye kumbukumbu za misimu miwili kinaongea kwa kujiamini. Kisichonazo kinabaki kusema "kwa makadirio".

Wa pili ni mnunuzi wa soko la maana. Anayepeleka maharage machanga, parachichi au pilipili nje ya nchi chini ya viwango vya GLOBALG.A.P. lazima aonyeshe kumbukumbu za upuliziaji: dawa gani, tarehe gani, kitalu gani, nani alipulizia, na siku ngapi zilipita kabla ya kuvuna. Huna karatasi hizo, mzigo wako unabaki sokoni mtaani.

Wa tatu ni wewe mwenyewe. Wakulima wengi wanajua waliuza shilingi ngapi. Wachache wanajua kila tenga moja liliwagharimu shilingi ngapi mpaka likajaa. Hapo ndo tunapoliwa na dalali huku tunacheka.

Kwa hiyo ninapoiangalia huduma mpya ya Excel au Sheets, nauliza swali moja tu: je, inanisaidia kuandika kumbukumbu sahihi zaidi, au inanipa njia ya kuruka kuandika? Ikinisaidia kuandika, naichukua. Ikinipa njia ya kuruka, naiacha.

Orodha ya kuchagulia: ndogo, lakini ina hela

Tuanze na ile inayodharauliwa kuliko zote. Ni ile inayokufanya ukigusa kisanduku kwenye jedwali, badala ya kuandika, uchague kutoka kwenye orodha: mbegu, mbolea, viuatilifu, vibarua, maji. Excel inayo kwa miaka mingi. Google wameiboresha sana mwaka 2022 na 2023, sasa unaiweka kwa kugusa neno Insert kisha Dropdown, na kila chaguo unaweza kulipa rangi yake.

Kwa nini naisifia hivyo? Angalia mfano huu. Namba ni za kufundishia tu, weka za kwako.

Kijana amelima nyanya ekari moja. Kukodi shamba 150,000. Mbegu na kitalu 250,000. Mbolea 600,000. Viuatilifu 500,000. Vibarua 700,000. Dizeli ya pampu 300,000. Kuvuna na matenga 500,000. Jumla ni shilingi 3,000,000. Amevuna matenga 200. Maana yake kila tenga limemgharimu shilingi 15,000 likiwa bado shambani.

Sasa, jedwali hilo hakulijaza peke yake. Yeye aliandika "vibarua", mdogo wake akaandika "kibarua", na rafiki aliyemsaidia wiki moja akaandika "palizi". Kwenye ile laki saba, laki nne ziko chini ya "vibarua", laki mbili chini ya "kibarua", laki moja chini ya "palizi". Muhtasari wake wa gharama unatumia fomula ya SUMIFS inayojumlisha kila kilichoandikwa "vibarua". Fomula haijui kwamba hayo mengine ni kitu kilekile. Inampa laki nne, na laki tatu zinapotea kimyakimya. Jumla inasomeka 2,700,000, na kila tenga linaonekana limegharimu 13,500.

Dalali anakuja na bei ya 14,000. Kijana anaona ana faida ya 500 kwa kila tenga, yaani 100,000 kwa mzigo wote. Anakubali anafurahi. Ukweli ni kwamba kila tenga amelipotezea 1,000, na mzigo wote umemtoa 200,000.

Inawezekana angeuza tu, kwa sababu nyanya iliyoiva haimsubiri mtu. Lakini angeuza akijua ni hasara, na msimu unaofuata angebadilisha kitu: tarehe ya kupanda, eneo, au mnunuzi. Anayedhani amepata faida atarudia kosa lilelile kwenye ekari tatu.

Orodha ya kuchagulia inazuia hilo kwa dakika tano za kazi. Hakuna atakayeandika "kibarua" kwa sababu haipo kwenye orodha.

Jedwali lenye mpangilio na kisanduku cha tiki

Mei 2024 Google walitangaza uwezo wa kugeuza data za kawaida kuwa jedwali rasmi kwa kubonyeza mara moja. Kila safu unaiambia ipokee nini: hii tarehe tu, hii namba tu, hii chaguo la orodha. Ni rahisi zaidi kuianzishia kwenye kompyuta, kisha unaendelea kujaza kwa simu. Uzuri wake ni kwamba mtu akiandika "elfu tano" mahali pa namba, mapema inaonekana kuna tatizo. Hupati mshangao mwisho wa msimu.

Kisanduku cha tiki kipo Google Sheets tangu 2018, na Excel ya kulipia kila mwezi imekipata mwaka 2024. Kitumie kwa kazi za kila wiki: kitalu namba 1 kimemwagiliwa, kitalu namba 2 kimepigwa dawa, kibarua fulani amelipwa. Hicho cha mwisho kinaondoa ugomvi mwingi sana jioni ya Jumamosi.

Picha kuwa jedwali, na kusema badala ya kuandika

Tangu 2019 Excel ya simu inaweza kupiga picha ya jedwali lililo kwenye karatasi na kuligeuza kuwa safu na mistari. Baadaye huduma hiyo ikaja na kwenye kompyuta. Ukipewa orodha ya bei za duka la pembejeo iliyochapwa, au risiti ndefu, huna haja ya kunakili mstari kwa mstari. Inahitaji intaneti, kwa hiyo piga picha shambani, kazi ya kugeuza ifanye ukifika penye mtandao.

Ila angalia. Kwa maandishi ya kuchapwa inafanya vizuri. Kwa mwandiko wa mkono, hasa wa daftari lililolowana, inachanganya 1 na 7, inachanganya 0 na 6. Kabla ya kuingiza data, Excel yenyewe inakuonyesha sehemu ambazo ina wasiwasi nazo ili uzikague. Vijana wengi wanabonyeza kukubali bila kusoma. Usifanye hivyo. Kosa la sifuri moja kwenye gharama ya mbolea ni kosa la mamilioni.

Kingine ni kuandika kwa sauti. Google waliongeza Kiswahili kwenye kuandika kwa sauti mwaka 2017, na kibodi yao kwenye simu nyingi za Android inacho. Mikono ikiwa na udongo, unagusa alama ya maikrofoni na kusema: "Kitalu cha tatu, mifuko miwili ya CAN, vibarua wanne." Maneno yanaandikwa yenyewe. Inakosea baadhi ya majina ya dawa, hilo utalirekebisha jioni. Lakini kumbukumbu iliyoandikwa saa nne asubuhi shambani ni bora kuliko ile unayojaribu kuikumbuka saa tatu usiku ukiwa umechoka.

Historia ya mabadiliko: kwa wanaolima kikundi

Vikundi vingi vya vijana vinavunjika kwa sababu ya hela, na mara nyingi si kwa sababu mtu ameiba. Ni kwa sababu namba ilibadilika na hakuna anayejua nani ameibadilisha.

Google Sheets inahifadhi matoleo ya nyuma ya faili. Ukiifungua kwenye kompyuta, unaweza hata kubonyeza kisanduku kimoja na kuona nani alikibadilisha na kilikuwa na namba gani. Excel ya mtandaoni nayo ina sehemu inayoonyesha mabadiliko ya hadi siku 60 zilizopita. Kwenye kikundi chenye watu kumi na mfuko mmoja wa hela, hii ni muhimu kuliko roboti yoyote. Kila mwanachama aingie kwa akaunti yake. Mkitumia akaunti moja ya mwenyekiti kwa simu kumi, historia itasema kila kitu kimefanywa na mwenyekiti.

Na hapa niseme: kundi la WhatsApp siyo kumbukumbu. Ni la kupashana habari. Ujumbe unaosema "jana tulitumia laki na nusu" utazikwa chini ya salamu na video kabla jua halijazama.

Tarehe: mahali ambapo jedwali linaweza kuumiza mlaji

Hii naomba uisome mara mbili, hasa kama unapulizia viuatilifu.

Jedwali zuri la upuliziaji lina safu ya tarehe ya kupulizia, safu ya siku za kusubiri kabla ya kuvuna kama zilivyoandikwa kwenye lebo ya dawa, na safu ya tarehe ya kwanza inayoruhusiwa kuvuna. Tarehe ya kupulizia ikiwa kwenye B2 na siku za kusubiri kwenye C2, safu ya tatu unaandika =B2+C2. Basi. Hiyo ni fomula ya kumuokoa mlaji.

Tatizo ni hili. Faili nyingi mpya za Google Sheets zinafunguka zikiwa na mpangilio wa Marekani, na Wamarekani wanaanza na mwezi ndipo siku. Wewe ukiandika 03/04/2025 ukimaanisha tarehe 3 Aprili, jedwali linasoma tarehe 4 Machi. Dawa ina siku 7 za kusubiri, kwa hiyo ulitakiwa uvune kuanzia tarehe 10 Aprili. Jedwali linakwambia ruksa tangu tarehe 11 Machi. Ukiangalia haraka unaona muda umeshapita, unavuna kesho yake. Nyanya zinaenda sokoni na dawa bado iko juu ya ganda.

Na ukiandika 25/04/2025, hakuna mwezi wa 25, kwa hiyo jedwali linaichukua kama maneno ya kawaida na fomula inagoma. Hiyo ni afadhali, maana angalau unaona kosa. Mbaya ni ile inayokubali kimya.

Dawa yake ni rahisi. Fungua faili kwenye kompyuta, ingia File kisha Settings, badilisha nchi iwe Uingereza. Halafu jaribu kwa tarehe moja unayoijua. Fanya hivyo kabla ya kujaza kitu chochote, siyo katikati ya msimu.

Sasa tuje kwenye akili mnemba

Novemba 2023 Microsoft walianza kuuza Copilot kwa makampuni ndani ya Word, Excel na nyinginezo. Januari 2025 wakaiingiza kwenye vifurushi vya watu wa kawaida. Mwezi huohuo Google wakaiweka Gemini ndani ya vifurushi vyao vya kazi vya kulipia. Agosti 2025 Microsoft wakatangaza fomula mpya ya Excel inayoitwa COPILOT: unaandika swali ndani ya kisanduku cha jedwali, na jibu linakuja palepale.

Sikatai kwamba ni teknolojia kubwa. Lakini sikiliza Microsoft wenyewe walivyosema kuhusu fomula hiyo: walionya isitumike kwa mahesabu ya namba, wala kwa kazi inayohitaji usahihi au majibu yanayojirudia sawasawa. Mwenye mali ndiye anasema hivyo. Sasa mkulima akitumia kitu hicho kupiga hesabu ya mbolea ya ekari tano, amlaumu nani?

Sababu ni jinsi inavyofanya kazi. Fomula ya SUM ukiipa namba zilezile leo na kesho, jibu ni lilelile. Mashine ya lugha inatabiri maneno yanayofaa kufuata. Mara nyingi inapatia, mara nyingine inakosea kwa sentensi nzuri na kwa kujiamini, na sura ya jibu haikwambii lipi ni lipi.

Ninaogopa zaidi kwenye maandiko ya miradi. Kijana anaiambia mashine imwandikie andiko la mkopo wa kilimo cha nyanya. Inamwandikia kurasa sita safi. Pale ambapo hakutoa namba, inajaza yenyewe: matenga 400 kwa ekari, bei ya 25,000, hakuna mwezi wa hasara. Andiko linapita, mkopo unatoka. Shamba linatoa matenga 200 kama lilivyozoea. Rejesho la mkopo limepangwa kwa matenga 400. Mashine haina pikipiki ya kuuza, mwenye pikipiki ni wewe.

Na dawa za mimea ndiyo kabisa. Kipimo cha dawa kwa bomba la lita 16 au 20 kinasomwa kwenye lebo, na dawa yenyewe iwe imesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania. Usiulize roboti. Uliza lebo, ukikwama uliza afisa ugani wako.

Basi haina kazi? Inazo. Itumie kuandika barua ya kumuomba mnunuzi mkutane, au kupanga vizuri maelezo uliyoyaandika wewe na kuyapeleka kwenye Kiingereza kama benki wanataka hivyo. Inafaa pia kukuandikia fomula. Unaiambia: "Nataka fomula ya kujumlisha safu D pale safu B imeandikwa Mbolea." Inakupa SUMIFS, unaibandika, halafu unaipima kwa mistari mitatu ambayo umeshajumlisha kwa kalamu. Ikilingana, endelea. Hapo mashine imeandika fomula, lakini aliyepiga hesabu ni fomula, na wewe umeikagua.

Kulipa au kutolipa

Hapa wengi mnapoteza hela. Microsoft walipoingiza Copilot kwenye vifurushi vya nyumbani mwaka 2025, walipandisha bei. Kule Marekani iliongezeka dola 3 kwa mwezi. Kulikuwa na kifurushi cha zamani kisicho na Copilot kwa bei ya awali, na Oktoba 2025 mamlaka ya ushindani na walaji ya Australia iliwapeleka mahakamani ikidai wateja hawakuelezwa wazi kuhusu chaguo hilo. Fundisho kwetu ni dogo: kabla hujakubali kifurushi kupanda bei, angalia kama kuna cha chini yake.

Kwa shamba la ekari moja hadi kumi, mimi sioni sababu ya kulipia. Google Sheets ni bure, na akaunti ya kawaida inakupa nafasi ya GB 15. Jedwali moja linaweza kubeba visanduku milioni 10, huwezi kuvijaza kwa nyanya za maisha yako yote. Excel ya simu nayo ni bure kwa kazi za kawaida. Kuhusu ile programu ya simu iliyobadilika jina ikawa Microsoft 365 Copilot, ni ileile ya Office mliyoizoea, usiogope na wala usidhani umelazimishwa kulipa.

Kuna wenye kompyuta za zamani zenye Windows 10 na Office 2016 au 2019 iliyowekwa na fundi wa stationari. Tarehe 14 Oktoba 2025 msaada wa kawaida wa Microsoft kwa vyote hivyo ulifika mwisho. Kompyuta haitazimika, ila haipati tena marekebisho ya usalama kama zamani, na flashi moja yenye virusi kutoka stationari inaweza kumaliza kumbukumbu za misimu mitatu. Huna haja ya kukimbilia kununua mashine mpya. Weka nakala ya mafaili yako mtandaoni leo, na kama unataka programu ya bure ya kompyuta isiyohitaji intaneti, LibreOffice ipo na inafungua mafaili ya Excel.

Wanaosema daftari linatosha

Kuna wakulima wakubwa wanaonicheka. Wanasema baba zao walilima kwa daftari na wakasomesha watoto. Nawaheshimu, na kwa sehemu wana haki. Daftari haliishiwi chaji wala bando. Mtu anayeandika daftari kila siku yuko mbele ya mwenye Excel aliyeifungua mara mbili kwa msimu.

Ila daftari halijumlishi. Halikwambii kwamba kitalu cha pili kinakula mbolea sawa na cha kwanza na kutoa nusu ya mavuno. Likinyeshewa au likiliwa na panya, msimu umekwenda. Kwa hiyo ushauri wangu ni vyote viwili: daftari shambani, jedwali nyumbani, na kila Jumapili jioni unahamisha. Kwenye simu, chagua faili lipatikane hata bila mtandao, ili usikwame bando likiisha. Utakapokutana na mtandao litajipanga lenyewe.

Majina ya watu si ya kusambaza

Jambo moja la mwisho ambalo vijana hamlipi uzito. Jedwali la vibarua lina majina, namba za simu, pengine na namba za NIDA. Tangu Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayofanya kazi hapa nchini. Ukishirikisha faili kwa kiungo kinachofunguliwa na mtu yeyote, kisha ukakitupa kwenye kundi la watu 300, umewaweka hadharani watu waliokuamini. Shirikisha kwa barua pepe ya mtu mmojammoja. Na usibandike majina na namba zao kwenye roboti ili tu ikupangie alfabeti. Excel inapanga alfabeti yenyewe tangu zamani.

Ufanye nini wiki hii

Usianze na mambo kumi. Fungua faili moja la Google Sheets na ubadilishe mpangilio wa nchi kwanza. Weka safu tano: tarehe, kitalu, aina ya gharama kwa orodha ya kuchagulia, kiasi cha shilingi, na aliyelipwa. Jaza gharama za wiki hii tu, hata kama ni mistari sita. Wiki ijayo ongeza ukurasa wa upuliziaji wenye ile fomula ya tarehe. Mavuno yakianza, ongeza ukurasa wa matenga au magunia, kisha gawanya jumla ya gharama kwa idadi yake.

Siku dalali atakapokuja na bei yake, fungua simu uangalie namba hiyo moja kabla hujamjibu. Ukikwama kwenye kuweka orodha au kwenye tarehe, niulize, tutasaidiana.

Kila la heri shambani.